Kuua Mng'aro

Jumamosi, Isongole. Mvua imetuachia saa mbili za jua
nami nimetandaza gunia uani:
kasha la darubini, miguu yake mitatu,
na chupa ya chai ya baba
yenye maua mekundu, kila moja kama kiganja.

Kima hawa, kipunji, hawapendi nyekundu.
Au hawanipendi mimi.
Wiki tatu napanda Rungwe kuwahesabu,
wiki tatu nahesabu matawi yanayotikisika:
mlio kama honi yenye mafua,
kisha kimya chenye macho.

Basi, kwanza msasa.
Mng'aro ndio msaliti, si rangi.
Kijani kinachong'aa bado ni kioo.
Hii kijani ni masalia ya milango ya shule,
hii ya udongo ilibaki kwenye mabati ya kanisa,
nyeusi nimeipika mwenyewe:
masizi ya sufuria ya maharage, thina kidogo.
Ndani nimechekecha unga wa lile jiwe jepesi
linaloelea kwenye beseni.
Mlima uliotapika zamani
sasa unanisaidia nisionekane mgongoni mwake.

Sponji ni kona ya godoro la Lusubilo,
aliyelia kidogo,
akatumwa kuchuma makangaga, akanyamaza.

Unaweka jani. Hupaki, unagonga,
gonga, gonga,
kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.
Unainua jani: limeacha kivuli chake, limekwenda.
Jingine weka upande, lisifanane na la kwanza.
Nilipopanga vizuri, kikatoka kitenge.
Nilipokosea, mkono umeteleza, kuku amepita juu ya kasha,
hapo ndipo pori likaingia.

Mwakatundu anachungulia juu ya ua wa matete.
"Unakwenda vita gani? Mabaka hayo watu wanafungwa."
Si gwanda, namwambia, ni kangaga tu.
Akaitazama chupa, akakawia.
"Hii si ile ya Ngambi?"

Ni ile.
Baba hakuwahi kujificha msituni.
Aliingia na msumeno wa watu wawili, na kikohozi chake,
na maua haya mekundu juu ya gogo;
miti ndiyo iliyopaswa kujificha.
Nilianza na ua la chini. Sponji ikasimama yenyewe hewani.
Kisha nikagonga.

Jumatatu, mita elfu mbili, ukungu hadi kiunoni.
Nimeiweka chini nifunge kamba ya kiatu,
nainuka, haipo.
Ilikuwepo, bila shaka. Kazi ilikuwa nzuri mno.
Nilitambaa nikipapasa mizizi,
mtu mzima wa miaka arobaini na moja
anaibembeleza chupa ijitokeze,
mpaka goti likaigonga, ikalia ngo!
Juu yangu honi yenye mafua ikajibu mara mbili.
Naapa walikuwa wanacheka.

Tumpe alisikia habari hiyo, akaendelea kumenya ndizi.
Usiku, kwa ukucha na tone la mafuta ya taa,
alikwangua petali moja, moja tu, chini ya mpini.
Nyekundu. Ndogo kuliko ulimi wa paka.

Nimepanda nayo mara nne tangu hapo.
Jana dume mmoja alishuka hadi tawi la chini,
nywele za utosi zimesimama kama aliyeamshwa kwa nguvu.
Akatafuna. Akaitazama chupa.
Akanitazama mimi,
akaendelea kutafuna.

Kama ameiona ile petali,
hajasema.